Safu ya Majeruhi

Tulimzika Afande Magesa Jumamosi iliyopita, Buswelu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma kabisa ya turubai, karibu na wanawake waliokuwa wakichambua mchele, kwa sababu sikuwa ndugu wala jirani na sikutaka kuulizwa nilimfahamu vipi marehemu. Kabla ya jeneza kutolewa, mpwa wake alisimama na kipaza sauti akasoma wasifu: alipozaliwa, aliposoma, vituo alivyofanyia kazi, watoto aliowaacha. Alipofika Ibushilo, senta ndogo ya barabarani kati ya Mkolani na Misungwi, alisoma hivi: "Katika kipindi chake, vifo vitokanavyo na ajali za barabarani vilipungua mwaka hadi mwaka." Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mama mmoja kando yangu akasema kwa sauti ya chini, "Alikuwa mchapakazi." Mimi nilitazama viatu vyangu. Sentensi ile naijua. Niliiandika mimi nikiwa na miaka ishirini, kila neno lake lilikuwa na ushahidi kwenye karatasi, na ilikuwa uongo.

Sitaeleza hapa nilikotoka wala wazazi wangu walikuwa nani. Hawana hatia katika habari hii. Inatosha kusema kwamba nilimaliza kidato cha sita nikakosa nafasi ya kuendelea, na mtendaji wa kata ya Ibushilo, aliyenichukua kama karani wa muda, akaniazima kwa kituo cha polisi kwa sababu moja tu: nilikuwa na mwandiko mzuri. Kituo kilikuwa na matrafiki wawili, Afande Magesa aliyekuwa sajini, na mwenzake ambaye muda wote alikuwa barabarani, na daftari lao la ajali lilikuwa halisomeki. Mkuu wa juu alilirudisha mara mbili. Mwaka huo pikipiki za abiria ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia senta, na lami ilikuwa imetandikwa upya mpaka ikang'aa. Zamani mashimo ndiyo yaliyowashikisha madereva adabu. Mashimo yalipozibwa, adabu nayo ikaondoka, na sisi tulioshangilia greda lilipopita tulikuwa bado hatujaelewa tumepewa nini.

Ofisi yetu ilikuwa chumba cha mwisho cha ghala la zamani la pamba. Pamba yenyewe haikuwepo kwa miaka mingi, lakini mchana bati likishika joto, harufu ya mafuta ya mbegu ilitoka ukutani, na nyuzi nyeupe ziliendelea kudondoka kutoka kwenye kenchi za paa na kutua juu ya daftari. Nilizipuliza kabla ya kuandika. Palikuwa na meza moja, benchi la wananchi, kibweta cha mihuri, na ukutani bango la manila lenye jedwali nililolichora mwenyewe kwa rula: mwaka uliopita, mwaka huu, na chini yake safu tatu, ajali, vifo, majeruhi. Nilijivunia bango lile. Wageni walipoingia, Afande Magesa aliwaonyesha kwa fimbo kama mwalimu wa jiografia, nami nilijifanya nina kazi nyingi ili nisionekane nikitabasamu.

Nilipanga chumba nyuma ya mgahawa wa Mama Zuhura, mjane wa Kiislamu ambaye babu yake alifika Ibushilo na biashara ya nguo, na yeye mwenyewe alizungumza Kisukuma vizuri kuliko wengi wetu. Chumba changu na jiko lake vilitenganishwa na mbao nyembamba. Nikiamka nilisikia sufuria, kisha madereva. Asubuhi alinipa matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa na kuchemshwa tena, pamoja na chai ya maziwa. Mchana ugali wa muhogo na sato, na siku sato asipopatikana, dagaa waliokaangwa na vitunguu vingi. Nilikula taratibu ili nisikie. Madereva wa malori ya ng'ombe na wa magari ya samaki walikuwa wakisifiana mwendo. "Pale Mashineni siku hizi napita bila kugusa breki," mmoja alisema, akimaanisha mahali ambapo njia ya kutoka shuleni na kisimani inakatiza lami kwenda kwenye mashine ya kusaga. "Na watoto je?" Mama Zuhura aliuliza huku anamimina chai. "Si napiga honi, mama." Wenzake wakacheka. Mama Zuhura hakucheka. Alimwekea chai yake mezani akasema, "Haya, kunywa uende. Ukimgonga wa kwangu nitakutafuta."

Lazima nieleze jinsi tulivyokuwa tukihesabu, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Mtu aliyejeruhiwa barabarani hakupokelewa hospitali bila PF3, fomu ya polisi. Kwa hiyo gari lililombeba lilisimama kwetu kwanza, mimi nikajaza fomu, Afande akasaini, nikagonga muhuri, wakaondoka kwenda mjini Mwanza. Kwenye daftari mtu huyo niliandika majeruhi. Aliyekufa pale pale kwenye lami niliandika kifo. Kama majeruhi alikufa baadaye, daktari alitakiwa kuandika hivyo kwenye ile fomu, ndugu wakairudisha kituoni, nami nimhamishe kutoka safu moja kwenda nyingine. Ndivyo utaratibu ulivyosema. Lakini ni nani mwenye msiba anayekumbuka kurudisha fomu? Tangu pikipiki ziingie, watu wa Ibushilo walikuwa wamejifunza kubeba upesi. Mtu akigongwa, kabla vumbi halijatulia ameshapakiwa. Karibu hakuna aliyekuwa akifia kwetu tena. Walifia Mkolani, walifia kwenye foleni ya kuingia mjini, walifia wodini siku ya pili, ya tano, ya tisa. Na safu yangu ya vifo ikazidi kuwa fupi, nikaamini kwa dhati kabisa kwamba hali inatengemaa.

Minza, mke wa Mzee Bulugu, aliletwa mwezi wa tano, siku ya mnada, saa saba mchana. Alikuwa ametoka kusaga, pikapu ya mfanyabiashara wa ng'ombe ikamgonga pale Mashineni, na dereva yule yule ndiye aliyempakia. Nilitoka na kitabu cha fomu hadi kwenye bodi ya gari. Alikuwa amelala juu ya magunia, uso na nywele vyeupe kwa unga, na kitenge chake kilikuwa kimelowa kuanzia kiunoni kwenda chini. Alikuwa na fahamu zake zote. Nilimuuliza jina akanitajia. Nilimuuliza umri akasema, "Andika arobaini." Kisha akaniuliza yeye, "Unga wangu umebaki wapi?" Nikamwambia utaletwa. Dereva alikuwa ameshika mlango wa gari, akaniambia, "Dada, fanya haraka, tafadhali." Mimi nilijaza kila mstari. Kabila, dini, mahali anapoishi, jina la balozi wake wa nyumba kumi. Muhuri wa kwanza ulitoka umefifia upande mmoja, nikachovya tena nikagonga wa pili pembeni ili usomeke vizuri. Nimekuwa nikijiambia miaka yote hii kwamba dakika zile chache hazikubadilisha kitu, maana aliishi siku tisa baada ya hapo. Bado nauona ule muhuri.

Mzee Bulugu alikuja baada ya matanga. Alikuwa mkulima wa mpunga na mjumbe wa kamati ya shule, mtu mrefu wa mikono mikubwa, na alivua kofia mlangoni. "Mwangaluka, ng'wanone," alinisalimia, akiniita mwanangu, nami nikampa shikamoo. Akaketi kwenye benchi, akasema, "Nimekuja mke wangu ahamishwe." Afande Magesa alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha kwenye kona. Alinawa mikono, akaja kumpa pole, na pole yake haikuwa ya mdomoni tu, maana nilimfahamu. Kisha akamuuliza fomu iko wapi.

"Ilikuwepo," Mzee Bulugu alisema. "Daktari aliandika, wakampa shemeji yake aliyekuwa anamuuguza. Yeye akaifunga kwenye pindo la kitenge cha marehemu, isipotee."

"Sasa kitenge kiko wapi?"

"Dada zangu walikichoma. Nguo zote zilizokuwa na damu walizichoma siku ile ile ya kuzika. Hakuna aliyekumbuka kufungua pindo."

Wanawake wa kwetu wakitaka kitu kisipotee hukifunga pindoni, na nguo ya mtu aliyekufa kwa kumwaga damu haikai ndani ya nyumba. Kwa hiyo kila mmoja alifanya sawasawa kabisa, na karatasi ikaungua. Afande alimwambia arudi hospitali akaombe nakala. Akaenda. Kule wakamwambia kwamba wao wamemwandika kama mgonjwa aliyefia wodini, mambo ya ajali ni ya polisi, na nakala hutolewa polisi wakiandika barua. Akarudi na habari hiyo Jumatatu. Afande akasema hawezi kuandika barua. Mzee Bulugu akauliza kwa nini, kwa upole, akitaka kujua kweli. "Nikiandika moja, mzee wangu, nitaandika ngapi?" ndilo jibu alilopata. Nililisikia, na ilinichukua muda kulielewa.

Alikuja kila Jumatatu baada ya hapo. Alikaa kwenye lile benchi, kofia magotini, na asipopata jibu aliaga akaenda. Siku moja Afande alipotoka, nilimuuliza kwa nini anajisumbua, kwa kuwa Minza hatarudi hata akihamishwa safu. Nilikuwa kijana, niliuliza vibaya. Hakuchukia. "Watu wa balabala walikuja kwenye kamati," alisema. "Tuliomba tuta pale Mashineni. Wakatuuliza, wamekufa wangapi hapo? Nikasema mke wangu. Wakaangalia karatasi zao, wakasema hapa hajafa mtu. Majeluhi hawatoshi." Alinyoosha kidole kuelekea bango langu la manila, lakini kwa heshima, kidole kikiwa kimekunjwa. "Nina watoto wawili wanavuka pale asubuhi na jioni. Nataka aandikwe ili hao wengine wasiandikwe."

Jioni ile sikula vizuri. Mama Zuhura, aliyezoea kuniita mwanangu, aliniuliza kama naumwa, nikamweleza. Alikaa kwenye kigoda chake, akaendelea kuparua samaki, kisha akaanza kutaja majina. Fundi baiskeli aliyekuwa akikaa mbele ya duka la dawa. Aliishi siku tatu. Binti wa kidato cha pili aliyekata roho kabla gari halijafika Mkolani. Mchuuzi wa dagaa aliyegongwa na mtoto mgongoni, mtoto akapona yeye akafa. Wote niliwakumbuka. Wote niliwajazia fomu. Kila mtu katika senta alikula pale, kwa hiyo kila msiba ulipita kwenye meza zake, na yeye alikuwa hasahau. Nilinunua daftari la shule nikaanza kuandika, jina, mahali alipogongwa, siku alizoishi, nani wa familia anaweza kuthibitisha. Siku za mapumziko nilikwenda majumbani. Nilipewa maji, nilipewa karanga, nikaonyeshwa makaburi. Kwa yule binti wa kidato cha pili, baba yake alinionyesha tu sare iliyotundikwa msumarini. Ilipofika mwezi wa kumi na moja niliacha kulionea fahari lile bango. Daftari langu lilikuwa refu kuliko safu ya vifo ya Afande, na karibu nusu ya majina yalikuwa ya Mashineni.

Nilimwonyesha mwezi wa kumi na mbili, siku ya kuandaa taarifa ya mwaka. Nilitegemea atafoka. Alisoma jina moja moja kwa kidole, midomo ikicheza, na alipofika kwa yule binti aliacha kusoma. "Huyu nilimshika kichwa mimi," alisema. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi azungumze kwa nguvu ingawa hakuwa na hasira. Aliniambia kwamba amebakiza miaka mitatu kustaafu. Kwamba mkuu wa juu hajali barabara ina nini, anaangalia mwelekeo tu, unapanda au unashuka. Kwamba sajini ambaye vifo vyake vimepanda ghafla anapelekwa porini, na anayekuja badala yake atashusha vifo kwa namna anayoijua. "Halafu haya majina hayana fomu hata moja," alisema. "Utaniandikia taarifa ya serikali kwa maneno ya mama lishe?" Akalifunga daftari, akanirudishia. "Leticia, nakuandalia barua ya kukutambulisha kwenye ajira ya kudumu. Mwandiko wako ni mzuri. Nenda kanakili."

Nikaenda kunakili. Sitatafuta neno la kulainisha hapa. Niliitaka ile barua kuliko kitu chochote, nilikuwa nimechoka kuwa wa muda, na nikajiambia kwamba karani huandika anachopewa. Niliandika kwa kalamu mpya, bila kufuta mahali, ile sentensi ambayo mpwa wake aliisoma Buswelu. Nilipomaliza nilipuliza nyuzi za pamba juu yake nikaikunja.

Mkutano ulifanyika mwezi wa kwanza katika ofisi ya kata. Chumba kilijaa, wengine walisimama madirishani. Alikuja mhandisi wa barabara, kijana mwenye adabu, Afande Magesa akiwa amepiga pasi sare yake, wajumbe wa kamati ya shule, na Mzee Bulugu mbele kabisa. Mimi nilikaa mezani kuandika mihtasari, na daftari langu la shule lilikuwa kwenye mkoba, mguuni. Sijui kwa nini nilikwenda nalo kama sikuwa na nia ya kulitoa. Mhandisi alisoma taarifa yetu kwa sauti. Akasifu mwandiko. Akasema kwa masikitiko kwamba matuta ni machache na maeneo yenye vifo ni mengi, na Ibushilo, kwa takwimu hizi, iko vizuri, vifo vinashuka, na Mashineni hakuna kifo hata kimoja. Mzee Bulugu alisimama. Alisema jina la mke wake, siku aliyogongwa, na siku aliyofariki. Mhandisi akamgeukia Afande. Afande akasema, "Yumo kwenye majeruhi." Mtendaji akauliza, kama inavyoulizwa kwenye kila mkutano, kama kuna mwenye neno la nyongeza. Nilikuwa nimeshika kalamu. Mama Zuhura, aliyekuwa dirishani, alinitazama mimi moja kwa moja mpaka nikainamisha kichwa, nikaandika: hakuna.

Jumapili iliyofuata, watu walipotoka kanisani, Mzee Bulugu na majirani zake walibeba mawe na udongo wa kichuguu wakajenga tuta lao wenyewe pale Mashineni. Wanawake walileta maji ya kushindilia. Afande alipita akaona, akageuza uso, na mpaka leo sijui kama ilikuwa huruma au woga. Tuta lilifanya kazi. Kwa siku kumi na kitu madereva walifika pale wakitukana, wakapunguza mwendo, wakapita polepole huku watoto wanawaangalia usoni. Mgahawani walilalamika sana kuhusu springi zao. Mama Zuhura aliwaongezea chai bila kuombwa. Mzee Bulugu hakuja kituoni Jumatatu ile, wala iliyofuata, nami nikaanza kuvuta pumzi. Nikadhani mambo yamejipanga yenyewe bila mimi, na hakuna aliyedhurika kwa ukimya wangu.

Kisha asubuhi moja ya mvua kubwa, kijana wa pikipiki kutoka Misungwi, Deus, alikuja na makreti ya mikate akiwahi maduka. Tuta halikuwa na rangi wala alama, maji yalikuwa yamelifunika, na hakuwa amepita njia ile tangu lijengwe. Nilifika pamoja na Afande. Mikate ilikuwa imetapakaa, inanyonya maji. Hapakuwa na wa kubebwa kwenda popote. Afande alivua koti lake mwenyewe la mvua akamfunika, akabaki analoa, akaniambia bila kunitazama, "Andika." Nikaandika. Kifo, papo hapo. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kuingia kwenye daftari likifuatwa na jina la Mashineni.

Tuliporudi kituoni tulimkuta Mzee Bulugu amekaa kwenye benchi, kofia magotini. Alikuwa amekimbia kwa njia ya mashambani, miguu ina tope mpaka magotini. "Nimekuja," alisema. Afande alimwuliza wengine ni akina nani waliojenga naye. "Nilikuwa peke yangu," alisema, na sote tuliokuwemo tulijua si kweli. Hakufungwa pingu. Alihukumiwa miaka mitatu kwa kuweka kizuizi barabarani na kusababisha kifo. Kabla masika hayajaisha ulikuja mtambo ukaweka matuta ya lami pale Mashineni, mawili, yakapakwa rangi nyeupe, na barua iliyokuja na kazi hiyo ilieleza sababu: kifo kimoja kilichothibitishwa mahali hapo. Nilipokea barua ile mimi nikaiweka kwenye jalada. Barua yangu ya ajira nayo ilifika wiki hizo hizo. Nilihamia mjini. Daftari la shule nililiacha kwa Mama Zuhura, nikamwambia alitunze, naye akalipokea, akaniwekea chakula cha njiani. Hakuniita mwanangu tena, na alikufa bila mimi kwenda kumzika.

Nimefanya kazi ya takwimu maisha yangu yote. Nimepanda vyeo. Nimekaa kwenye vyumba vyenye viyoyozi nikasikiliza watu wakisema mstari unashuka, na kila mara nimetaka kuuliza wamepelekwa wapi. Mara chache nimeuliza. Sikumsogelea mpwa wa Afande pale Buswelu kumwambia arekebishe wasifu. Lakini tuliporudi kutoka makaburini na chakula kikaanza kugawiwa, mzee mmoja mrefu, amejikunja mgongo, alivuta kiti akaketi karibu nami. Nilimtambua kwa mikono. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanitazama usoni.

"Wewe ndiye binti wa kituoni."

"Ndiye mimi, Mzee Bulugu. Sikutegemea kukuona hapa."

"Magesa alikuwa ananitembelea gerezani," alisema. "Analeta sabuni. Hatuzungumzi sana. Nisingeacha kuja."

Nikamweleza. Sikuwa nimepanga, lakini nilimweleza yote, daftari la shule, majina, mkoba mguuni, ile barua niliyoitaka. Nilisema siku ile ya mkutano nilikuwa na Minza kwenye mkoba na sikumtoa, na kama ningesimama, yeye asingebeba mawe, na Deus angefikisha mikate yake. Alisikiliza huku anaukunja mkono wa koti lake na kuukunjua. Hakusema amenisamehe, na sikuwa na uso wa kumwomba. Aliniambia tu kwamba kila msimu huenda Misungwi kumlimia mama yake Deus, kwamba miaka miwili ya kwanza yule mama hakumfungulia mlango, alilima akaondoka, na wa tatu akamkuta amemwekea maji ya kunywa kwenye kizingiti. Kisha akaniuliza jambo ambalo bila shaka alikuwa ameliweka moyoni muda wote ule.

"Na mke wangu, baadaye walimhamisha?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema madaftari yale yalishachomwa, jambo ambalo huenda ni kweli. Lakini jedwali la mwaka ule limeingizwa kwenye kompyuta, naliona kazini kwangu, na nina ruhusa ya kulisoma tu.

"Hapana, mzee," nikasema. "Bado ni majeruhi."

Alitikisa kichwa polepole. Mtu alikuja na sinia, akampa sahani, akaipokea kwa mikono miwili akaiweka magotini bila kula.

"Basi tangu mwaka ule kwenye karatasi zenu hajafa," alisema, "ni mimi peke yangu niliyemzika."